Habari za wanafunzi wa zamani: Kaoze, ADAPES, na ile ambayo mimi sikuandika



Mwezi uliopita wakubwa wa jumuiya yetu waliomba kila mmoja alete habari zake hapa: yuko wapi, anafanya kazi gani, na anasaidia nini mtaani kwake. Nimezisoma zote. Kuko yaya mmoja mwenye kazi kwenye ONG huko Manono, ameweka picha yake mbele ya gari nyeupe. Kuko mwenzetu aliyepata nafasi ya uasistanti. Kuko aliyeolewa, aliyefungua duka la mbegu, aliyehamia Lubumbashi. Chini ya kila moja, hongera zimejaa mpaka simu inachelewa kufunguka.

Mimi sikuandika kitu. Rafiki yangu akanipigia: "Na weye, mbona umenyamaza?" Nikamjibu réseau mbaya. Uongo. Niko na lisansi ya agronomia toka miaka 3 na kazi ya mshahara sina, na kuko jambo lingine ambalo nitalisema mbele kidogo. Badala ya kuandika habari zangu nikaanza kutafuta kitu kingine: hii desturi ya waliosoma pamoja kupashana habari ilianza lini kwetu Kongo, na ilileta nini? Nilidhani nitapata jambo dogo la kujaza jioni moja. Nimekaa nalo wiki 3.

Tuanze karibu, hapa hapa kando ya ziwa.

Kusini ya Kalemie kuko Mpala. Mwanajeshi Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale mwaka 1883, na mwaka 1885 kikapewa Mapadri Weupe. (Huyu Storms njo aliyemshambulia mtemi Lusinga mwaka 1884, na fuvu la Lusinga likapelekwa Ubelgiji. Habari hiyo inastahili maandishi yake peke yake, lakini haifai kuitaja Mpala kama vile ilianza na madaftari na kengele tu.) Katika shule ya mapadri hao alisoma kijana wa Marungu, aliyezaliwa mnamo 1886, jina lake Stefano Kaoze. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo leo tunaiita Kirungu, Moba, alipewa upadri, padri Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi.

Wengi tunajua hiyo ya upadri kwa sababu ya sherehe za kanisa. Lakini sisi watu wa shule tungepaswa kumjua kwa jambo lililotangulia. Mwaka 1910, akiwa bado mseminari, Kaoze aliandika juu ya mawazo na desturi za watu wake, na maandishi hayo yakachapishwa Ubelgiji katika *La Revue congolaise* kwa jina *La psychologie des Bantu*. Wanahistoria wanayahesabu kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. Fikiri kidogo: miaka 2 tu baada ya Leopold II kulazimishwa kuiachilia Kongo yake kwa serikali ya Ubelgiji, kijana wa kwetu wa miaka 24 hivi anachukua kalamu kuwaeleza Wazungu namna watu wa Marungu wanavyofikiri. Tukisema kwa lugha yetu ya leo, Kaoze aliposti. Na hakuposti cheo chake. Aliandika habari za watu wake.

Baadaye, mwaka 1932, aliingizwa katika Tume ya Kulinda Wenyeji, ile ya serikali ya kikoloni. Jina la tume lilikuwa kubwa kuliko nguvu zake, ninakubali. Lakini alikuwemo. Alikufa mwaka 1951 hapa hapa Kalemie, wakati huo Albertville. Mimi nimekulia mji huu, nimesoma hapa mpaka lisansi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mwandishi huyo alimalizia maisha yake kwenye mji wetu. Nimejua mwaka huu, nikitafuta sababu ya kutoandika habari zangu.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, kuko Karema. Pale kulikuwa mwanafunzi mwingine wa zamani, Adrien Atiman. Huyo alitoka mbali sana, upande wa Timbuktu. Alikamatwa mtumwa akiwa mtoto, Mapadri Weupe wakamkomboa kwa kumnunua, wakampeleka kusoma udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu pale mpaka kufa kwake mwaka 1956. Miaka 67, kituo kimoja. Mwaka 1946, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alitoa habari za maisha yake mwenyewe na zikachapishwa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Sisi tukimaliza miezi 6 ya staji tunabadilisha picha ya wasifu.

Lakini Kaoze na Atiman walikuwa mtu mmoja mmoja. Jumuiya, yaani watu wa shule moja kujiandikisha, kutoa mchango, kukutana na kupashana habari, tunaikuta Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1925 padri mmoja wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, aliunda ADAPES, jumuiya ya wanafunzi wa zamani wa Mapadri wa Scheut. Kama jina lake halikuambii kitu, uwanja wa Tata Raphaël pale Kinshasa, mahali Muhammad Ali alipompiga George Foreman mwaka 1974, unaitwa kwa jina lake. Alipenda sana mpira na skauti. Mashirika mengine ya kidini yakafuata njia hiyo: Wafrère wa Shule za Kikristo wakawa na ASSANEF, Wamarist wakawa na UNELMA.

Kwa nini nasema hili ni kubwa? Kwa sababu ya lililokatazwa. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika hakuwa na chama cha siasa. Ruhusa ya vyama vya wafanyakazi ilikuja mwaka 1946, tena kwa masharti mengi. Gazeti la kusema unachotaka, hakuna. Mkutano wowote ulihitaji kibali. Katika ukuta mrefu namna hiyo mlango mdogo ulioachwa wazi ulikuwa huu: watu waliosoma pamoja wanaweza kukaa pamoja, chini ya macho ya padri, wakaongea juu ya michezo, misiba na michango. Nani angeogopa watu wanaopeana hongera?

Hapa ninawaza mwenyewe namna mkutano ulivyokwenda, msinishike mashati. Mmoja anasimama na kusema: ndugu, nimepandishwa, sasa mimi ni karani wa daraja fulani. Wote wanapiga makofi. Halafu wa nyuma anauliza kwa sauti ya chini: na Mbelgiji mnayekaa ofisi moja, mwenye kazi ile ile, analipwa ngapi? Kimya. Mwingine anasema kwetu posta ni hivyo hivyo. Wa tatu anasema kwetu hospitali pia. Kila mmoja alikuja na habari yake, na habari zikiwekwa pamoja mezani zinakuwa kitu kingine kabisa.

Hilo la mshahara sijalitunga. Mwaka 1946 wafanyakazi Wakongomani wa serikali waliunda APIC, na dai lao kubwa la miaka yote lilikuwa statuti moja kwa Mweusi na Mweupe wenye kazi moja. Walilipata mwaka 1959 tu, wakati ukoloni wenyewe ulikuwa unahesabu siku.

Mwaka huo huo wa 1946 jumuiya za wanafunzi wa zamani za Léopoldville zilijiunga pamoja katika muungano ulioitwa UNISCO, na kichwa chake kilikuwa Jean Bolikango, mwalimu wa shule za Scheut na mtu wa ADAPES. Mbele ya UNISCO karani mmoja wa fedha, mseminari wa zamani, alisimama na kusoma hotuba juu ya "haki ya mkaaji wa kwanza": kwamba ardhi ya Kongo iko na wenyewe, na wenyewe si waliofika juzi. Karani huyo jina lake Joseph Kasa-Vubu. Serikali haikufurahi hata kidogo. Miaka 14 baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi. Angalieni mahali alipoanzia kusema: mkutano wa wanafunzi wa zamani, mahali pa michango na misiba.

Na mwaka 1956, Mbelgiji mmoja, profesa Van Bilsen, alipotoa mpango wa kutukomboa polepole kwa miaka 30, waliojibu kwa manifesto ya *Conscience africaine* walikuwa kundi la vijana waliopitia shule za mapadri, akiwemo Joseph Ileo. ABAKO ya Kasa-Vubu ikajibu mwezi uliofuata kwa ukali zaidi: uvumilivu wetu umekwisha, tukombolewe leo hii, si kungoja miaka 30. Kizazi kizima kilikuwa cha makarani, walimu na wasaidizi wa madaktari. Lumumba wa posta. Jason Sendwe wa BALUBAKAT, msaidizi wa daktari, ambaye aliuawa hapa hapa Kalemie mwezi wa 6 mwaka 1964. Wenye diploma ya chuo kikuu nchi nzima, siku ya uhuru, hawakufika hata 30. Leo auditwari moja tu ya promosyo ya kwanza inawapita mara nyingi.

Ningeweza kuacha hapo, ikawa habari nzuri ya mashujaa. Lakini nikiacha hapo nitakuwa nimefanya kama zile picha za gari nyeupe.

Kwa sababu wanafunzi wale wa zamani walikuwa na upande mwingine. Mwezi wa 2 mwaka 1944 askari waliasi Luluabourg, ambayo ni Kananga ya leo. Mwezi uliofuata wasomi wa mji ule waliandikia serikali barua ndefu. Waliomba nini? Si kwamba watu wote watendewe vizuri. Waliomba wao waliosoma watengwe na umati wa wasiosoma, wapate ulinzi wao wa pekee, wasiguswe na adhabu na hatua zilizopangwa kwa wajinga. Nilisoma hilo usiku, nikafunga simu. Halafu mwaka 1948 ikaja karatasi iliyoitwa kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaja kuandikishwa, ambako wakaguzi waliingia nyumbani kwa mtu kuangalia kama anakula kwa uma na kama choo ni kisafi. Watu wazima, mababa wa familia, waliomba hayo wenyewe. Lumumba mwenyewe aliomba, mara ya kwanza wakamkatalia. Siwahukumu sana, ukinyimwa kila kitu, hata kikaratasi kinakuwa mali. Lakini tusiseme kwamba kila aliyepeleka habari zake mbele alikuwa anapigania wengine. Wengi walikuwa wanapanda ngazi, na waliiangalia ngazi tu.

Na wamama? Katika jumuiya hizo ni kama hawakuwepo. Shule za wasichana zilifundisha kushona na kulea. Mkongomani mwanamke wa kwanza kumaliza chuo kikuu, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, miaka 39 baada ya ADAPES kuanza.

Sisi wa agronomia tusicheke. Historia yetu ni chafu kuliko ya makarani. Toka mwaka 1917 kulikuwa sheria ya mazao ya lazima. Kaskazini ya Katanga, upande wa Kongolo na Kabalo, lazima ilikuwa pamba, na baadaye kiwanda cha FILTISAF hapa mjini kikawa kinaifuma. Aliyekuja kupima shamba la mkulima, kuhesabu mistari na kuandika nani hakulima alikuwa nani? Agronome, na monita wake nyuma. Asiyetimiza alilipa faini, alifungwa, au alichapwa fimbo. Mapema kama 1932 Chuo Kikuu cha Louvain kilifungua vituo vya kilimo, CADULAC, pale Kisantu, kufundisha wasaidizi wa kilimo Wakongomani. Hao njo wakubwa wetu wa kazi. Baadhi yao walifanya kazi nzuri. Lakini walitumwa kijijini na upande wa fimbo.

Sasa ninafika kwenye ile ambayo sikuandika.

Miaka 2 iliyopita nilianza kwenda Katanika, kwa wakimbizi wa ndani waliotoka vijijini kwa sababu ya vita vya Watwa na Waluba. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilipa. Familia 14 zilikuwa zimepata kiwanja cha kulima, nami niliwaambia niko agronome, nitawasaidia na mihogo. Siku ya kwanza mzee mmoja aliniangalia kutoka kichwa mpaka viatu akasema: "Agronome? Umekuja kuhesabu pamba?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, bila kujua ninacheka nini. Nimeelewa mwaka huu.

Nilinunua miti ya mihogo sokoni, kwa bei ndogo, kutoka kwa mtu asiyeweza kuniambia imetoka shamba gani. Miti haikuwa na majani. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba mozaiki inasafiri na inzi weupe na ndani ya miti yenyewe, na kwamba mti usio na majani hauwezi kukuonyesha ugonjwa wake. Lazima uende kwenye shamba la mama, uangalie majani yakiwa bado juu, uchague mwenyewe. Nilijua hayo. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata 15 juu ya 20. Lakini mvua ilikuwa imeanza, franka zilikuwa chache, na nilitaka wanione nimeleta kitu.

Baada ya miezi 2 majani yakajikunja, yakawa na mabaka ya njano. Shamba karibu lote. Wakati wa kuvuna mizizi ilikuwa kama vidole. Sombe pia ilikuwa mbaya. Familia 14 zilipoteza msimu kwa mkono wangu, si kwa mkono wa ONG, wala wa serikali, wala wa ziwa lililopanda. Niliwaambia wenyewe, nimesimama katikati ya shamba. Wengine walinyamaza. Mama mmoja akasema polepole, bila hasira: "Mwanangu, lisansi inapikwaka?"

Njo sababu sikuleta habari zangu mwezi uliopita. Nilitaka kwanza kupata kitu kizuri cha kuweka juu yake.

Lakini nikisoma habari za ADAPES naona kitu kimoja kinanisumbua. Wale wa 1946 hawakufika kwenye neno la ardhi na neno la mshahara kwa kuambiana mazuri tu. Ilibidi mmoja aseme mbele ya wenzake jambo linaloaibisha: mimi ninalipwa nusu ya nusu. Sisi kwenye ukurasa huu tuko mamia. Sijawahi kuona hata mmoja akiandika kwamba analipwa ngapi, au kwamba ONG yake imesahau kumlipa miezi 4, au kwamba miradi 3 imepita kijiji kimoja na hakuna kilichobaki isipokuwa vibao. Ninajua yako, kwa sababu tunaambiana kwenye simu, usiku.

Basi habari zangu hizi hapa. Lisansi ya agronomia. Sina kazi ya mshahara. Nafundisha baiolojia masaa machache kwenye shule moja ya sekondari, na wazazi ndio wanalipa, wakipata. Jumanne na Ijumaa asubuhi niko Katanika. Kati ya familia 14, 9 zimekubali kuanza tena na mimi. Tumeng'oa na kuchoma ile mihogo yote, tumepanda maharage na lengalenga kwa muda, na tumeweka kando kipande cha mita 20 kwa 30 kwa ajili ya kuzalisha miti safi sisi wenyewe. Yule mzee wa pamba ndiye anapita kila asubuhi kuangalia majani, na jicho lake limekuwa kali kuliko langu.

Ninachotafuta: mtu mwenye shamba la mihogo lisilo na mozaiki, upande wa Nyunzu, Moba au hata Bendera, ambalo naweza kuja kuliangalia kwa macho yangu majani yakiwa bado juu. Tunahitaji miti 600, ya urefu wa sentimita 25. Usafiri nitautafuta. Mwenye kujua aniandikie hapa chini, si pembeni, ili na wengine waone.